21 Oktoba sio siku ya raisi peke yake

Vijana wenzangu, kila mwaka ikifika 21 Oktoba hapa Burundi ni konji. Sisi wakimbizi tunalala, tunafua nguo. Ukiuliza mtu wa Ngagara hii siku ni ya nini, atakujibu neno moja: Ndadaye. Ni kweli. Melchior Ndadaye, ambaye naye aliwahi kuwa mkimbizi Rwanda kwa miaka mingi, aliuawa na wanajeshi 21 Oktoba 1993, miezi mitatu na kidogo tu baada ya kuapishwa.

Lakini mimi naona tunasahau nusu ya habari. Siku ile waliuawa pia Pontien Karibwami, spika wa Bunge, na makamu wake Gilles Bimazubute. Bunge lenyewe lilikuwa bichi kabisa, limechaguliwa 29 Juni: Frodebu viti 65, Uprona 16. Kwa nini hao wawili? Angalia Katiba ya 1992: raisi akifa, anayeshika nafasi ni spika. Kwa hiyo waliua watu, wakakata na ngazi.

Nchi ikakaa bila raisi mpaka Januari 1994, Bunge likabadilisha Katiba na kumchagua Cyprien Ntaryamira. Wakati huo watu walikuwa wanauana, mamia ya maelfu wakakimbilia Rwanda, Tanzania na Zaire. Hapa mjini, Ngagara na Kamenge, majirani kabisa, zikawa kama nchi mbili. Halafu 6 Aprili Ntaryamira naye akafa kwenye ndege kule Kigali. Safari hii spika, Sylvestre Ntibantunganya, alikuwepo. Akashika nchi. Vita haikuisha, hapana, lakini kiti hakikubaki tupu.

Naandika haya juu ya komite zetu. Kambini ninakojitolea, mwenyekiti wetu wa vijana alipata safari ya Marekani. Makamu hatukuwa naye. Daftari ya michango na ufunguo wa chumba vyote vilikuwa kwake. Miezi minne hatukukutana.

Nyinyi wa mashirika, mkija kusimamia uchaguzi wetu mnauliza jina la mwenyekiti, mnapiga picha, mnaenda. Ulizeni pia akiondoka anabaki nani. Na sisi vijana, 21 Oktoba ijayo, kabla ya kufua, tukae hata saa moja tuongee juu ya Karibwami na Bimazubute. Wengi wetu majina yao hatujawahi kuyatamka.