Batri ipimwe kwanza, ndipo ihukumiwe

Gari ikikataa kuwaka asubuhi, hukumu inatoka haraka: «Batri imekufa.» Katika magaraji mengi ya Goma, Bukavu na Butembo, dereva anaambiwa anunue ingine, mara nyingi iliyokwisha kutumika. Baada ya wiki moja gari inakataa tena. Pesa ya masomo ya watoto imekwenda, na kosa lingali palepale. Desturi hii ya kuuza batri bila kupima inapaswa kukoma.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno. Watu wanasema «batri haina moto», kana kwamba moto ni kitu kimoja. Kumbe ni viwili. Volti ni nguvu inayosukuma umeme. Ampere ni wingi wa umeme unaopita. Ni kama tanki ya maji iliyowekwa juu ya nyumba: urefu wake unatoa msukumo, lakini maji yanayofika jikoni yanategemea pia upana wa bomba. Bomba likiziba, ndoo haijai hata tanki ikiwa juu.

Ndiyo maana batri inaweza kuwasha redio na taa, halafu ishindwe kugeuza injini. Redio inahitaji ampere chache. Mota ya kuwashia injini inadai 100, 200 au zaidi kwa mara moja. Kutu kwenye vichwa vya batri, au waya uliolegea, inatosha kuzuia wingi huo. Hapo dawa ni brosi na ufunguo, si batri mpya.

Kupima hakuhitaji elimu kubwa. Batri ya volti 12, gari ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, inapaswa kuonyesha karibu 12,6. Ikionyesha 12,0, imebaki na moto kidogo: ichajiwe kwanza. Ikiwa imejaa, lakini wakati wa kuwasha inaanguka chini ya 9,6, basi pengine batri yenyewe imechoka. Injini ikizunguka, namba ipande kati ya 13,8 na 14,5. Ikibaki kwenye 12, alternateri haichaji, au mkanda wake umelegea, na hata batri mpya itaisha moto. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi, na maji ya batri yatakauka.

Mafundi wanajitetea kwamba wateja wana haraka. Ni kweli. Lakini kipimo cha umeme kina bei ndogo sana kuliko batri, na kazi yake ni ya dakika chache. Tena batri iliyotupwa bila sababu haipotei. Ndani yake kuna asidi na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ikivunjwa uani, watoto wanaochezea udongo ule ndio wanaoumia zaidi.

Kabla ya kutoa pesa, mwenye gari adai namba tatu: ya gari ikiwa imezimwa, ya wakati wa kuwasha, na ya injini ikizunguka. Vyama vya madereva navyo vinaweza kuchanga na kununua kipimo kimoja kwa kila kituo. Fundi anayeuza batri bila kuonyesha namba hizo anauza bahati nasibu, na anayepoteza ni dereva.