Usipeleke Tupa Kwenye Gashete

Ndugu mfanyakazi, leo ukurasa huu unaacha kidogo kofia na viatu vya kazi, unakufuata nyumbani. Wengi wetu siku ya mungu tunashika njia ya pori. Mwenye kibali anabeba bunduki yake ya kuwindia. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inamtaka awe nacho, na juu ya hapo sina neno. Neno langu ni juu ya bunduki inayofunguliwa mezani siku ya posho mchana, na fundi anayejua chuma kuliko anavyojua bunduki.

Wewe ni mtu wa atelie. Kutwa unalainisha vyuma mpaka viingiane bila kelele. Sasa unashika bunduki, unaona gashete ni nzito, inakwaruza, inakwenda kwa kusitasita. Unawaza: hii naiweza, tupa ndogo na karatasi ya msasa, nusu saa tu. Nakuelewa. Mkono wa fundi hauvumilii chuma kinachokwaruza. Lakini hapa mkono huo huo unakudanganya.

Ndani ya bunduki, nyundo inasukumwa na resore yenye nguvu. Kinachoizuia isipige ni vipande viwili vidogo vya chuma, kimoja kimekamata ukingo wa kingine. Pale vinapokamatana, mara nyingi hapafiki milimita moja. Ukipitisha tupa mara chache tu, umepunguza mkamato ule, au umepindisha pembe yake. Gashete inakuwa laini, kweli, unafurahi. Kisha kitako cha bunduki kinagonga jiwe, au mlango wa gari, nyundo inaanguka bila kidole cha mtu, na mwenzako anatembea mbele yako.

Tena kuna jambo la ugumu. Vipande hivi vimepewa ugumu kwa moto, na vingine ni vigumu juu tu, kama ganda la yai. Chini ya ganda chuma ni laini. Ukilipita ganda lile kwa tupa, hutaona kitu siku hiyo. Chuma laini kitalika polepole, kila unapopiga risasi kinalika kidogo. Kwa hiyo usiniambie, "Niliijaribu bila risasi, ilikuwa sawa." Jaribio la siku ya kwanza halijui habari za siku ya mia.

Na kurudisha vipande? Resore ndogo imeruka chini ya kabati, pini mbili zinafanana lakini moja ni fupi, na mtoto amesimama mlangoni anauliza baba anafanya nini. Sikucheki. Nimeona meza za namna hiyo.

Anayefikiri nazidisha, atazame Marekani. Mwezi wa nne 2014, kampani ya Remington iliwaomba wenye bunduki za Model 700 na Model Seven zenye gashete ya X-Mark Pro waache kuzitumia na wazirudishe. Zilikuwa zimetengenezwa tangu mwezi wa tano 2006 mpaka mwezi ule wa nne 2014. Kosa lilikuwa nini? Gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha vipande, ambayo iliweza kuifanya bunduki ipige yenyewe. Gundi tu! Na ile ilikuwa kiwandani, penye mashine na wakaguzi. Wewe una msasa na mwanga wa dirisha.

Ile mashine inayoteremsha watu shimoni ina breki. Ni nani kati yetu angepunguza breki ile kwa sababu mkono wake ni mzito kuvuta? Hata kapita mkali hawezi kukuomba hivyo.

Mara nyingi uzito wa gashete ni uchafu tu: mafuta ya zamani yaliyoganda, vumbi, kutu kidogo. Toa risasi zote kwanza. Chungulia mtutuni mwa bunduki kwa nyuma, pitisha kidole pia, kwa sababu jicho linasahau. Risasi zipeleke chumba kingine. Safisha bila kufungua vipande vya gashete, na mafuta tia kidogo sana, mengi yanakamata vumbi. Ikibaki nzito, ipeleke kwa fundi wa bunduki. Najua yuko mbali na anaomba pesa nyingi. Basi ivumilie, kidole kitazoea. Na bunduki ya kununua kwa mtu, ukisikia gashete yake inakwenda kama siagi, muulize ni nani aliyeifungua, kabla ya kuuliza bei.

Nawe mama wa nyumba, ukimwona bwana siku ya posho ameweka bunduki mezani na tupa kando yake, muulize swali moja: risasi ziko wapi? Akisita kujibu, chukua watoto, nendeni kwa jirani mpaka ameifunga tena na kuificha mahali pake.