Bia ya Krimu Haina Krimu, na Mimi Nilikosea

Wasee, leo naomba msamaha kwa bia.

Binamu yangu alirudi kutoka Ireland na mikebe mitatu ya Kilkenny. Nikaweka mmoja kwa friza, nikaufungua mbele ya kamera, nikanywa papo hapo kwa mkebe na kutangaza: "Hii haina gesi, imekufa." Mlicheka sana. Mwingine akaandika asilimia 4.3 ni juisi.

Shida ilikuwa mimi. Kwanza, hakuna maziwa wala krimu humo ndani, usichanganye na ile pombe tamu ya Baileys. "Krimu" ni vile povu linakaa: zito, laini, halishuki haraka. Bia nyingi tunazokunywa hapa zinawasha ulimi kwa sababu ya kabonidioksaidi. Hii inategemea naitrojeni, ambayo haipendi kukaa ndani ya kinywaji, kwa hivyo inatoka kwa mapovu madogo sana. Ujanja huo ulitoka Guinness mwaka 1959, kazi ya Michael Ash, mtu wa hisabati! Na kile kidude cha plastiki kinachogongagonga ndani ya mkebe (mi nilidhani ni takataka) ndicho hurusha gesi ukifungua. Lakini lazima umimine kwa glasi, yote mara moja, halafu usubiri.

Mkebe wa pili nilifanya hivyo, bila friza. Rangi ya shaba inayokaribia wekundu, povu jeupe juu, utamu kidogo wa kimea, uchungu unakuja mwishoni polepole. Baridi kali ilikuwa imeua hayo yote. Sisi tunaulizwa "moto ama baridi?" kila siku, na bado nikakosea!

Kitu kinaniuma ni jina. Kilkenny ni mji. Kiwanda cha huko kilianzishwa na John Smithwick mwaka 1710, kando ya magofu ya abasia ya Wafransisko. Mwaka 2013 kilifungwa, kazi ikahamishiwa Dublin. Mji ukabaki kwa lebo tu. Ni kama kuuziwa nazi ya Kilifi iliyotoka Kirinyaga. Ladha naipenda, lakini hapo naona watu wa Kilkenny walichezwa.

Ile video nimeitoa. Mkebe wa tatu uko kwa kabati, na anayeuliza asilimia haonji.