Zabuni haiondoi jukumu

Kule Uingereza, sheria ya matunzo ya mwaka 2014 inailazimu halmashauri kutathmini mahitaji ya kila mtu mzima anayeonekana kuhitaji msaada, tajiri au maskini. Hiyo ni haki, si hisani.

Shida iko kwenye zabuni. Huduma nyingi za nyumbani na nafasi katika makao ya wazee hununuliwa kwa kampuni binafsi. Halmashauri ikibana bei, kampuni inabana muda. Ziara nyingine ni dakika 15 tu: kuosha, kulisha, kupa dawa, haya kwaheri! Mhudumu, na wengine ni ndugu zetu Wakenya, anakimbilia nyumba ya pili, pengine bila kulipwa muda wa njiani.

Halmashauri isijifiche nyuma ya kampuni. Kazi unaweza kumpa mwingine. Jukumu linabaki lako.