Maziwa ya Leo Yasiandikwe ya Jana

Wasee, kuna kitu kinaniudhi na hizi programu tunazoundiwa hapa Eldoret. Nyingi hazijui tuko Kenya.

Chukua mkulima wa Plateau. Machi 1, saa kumi na moja na nusu alfajiri, anafikisha maziwa. (Kwa databesi hiyo ni 05:30, saa ya Kiswahili haiielewi.) Karani anapima, anabonyeza simu, rekodi inaingia. Sasa kama seva ni ile ya bei rahisi inayofuata saa za New York, na hakuna mtu amegusa mpangilio, huko bado ni saa tatu na nusu usiku, Februari 28. Maziwa ya Machi yameandikwa ya Februari. Na kama hesabu ya Februari ilishafungwa, hizo lita analipa nani? Mzee akienda kuuliza, anaambiwa sistimu ndio inasema hivyo.

Dawa ya wengi ni kuongeza saa nane kwa programu. Manze, hapana! Wamarekani husogeza saa mbele Machi na kuirudisha Novemba. Katikati hapo tofauti yetu inakuwa saa saba, kwa hivyo ile nane yako inadanganya kwa lisaa limoja. Sisi hatusogezi, tuko +3 mwaka mzima.

Si uambie tu databesi ukweli? Kwa MySQL ni mstari mmoja, programu inautuma kila inapounganisha:

SET time_zone = '+03:00';

Ukitaka jina, andika 'Africa/Nairobi', bora majedwali ya saa yawe yamewekwa kwa seva, la sivyo inakataa. Kwa PostgreSQL ni SET TIME ZONE 'Africa/Nairobi'. Zote mbili hazihitaji ruhusa ya mwenye seva, so hiyo si kisingizio.

Kuna wale wa "weka kila kitu UTC, basi". Kuhifadhi, sawa, niko na nyinyi. Lakini ripoti ya tarehe lazima isome saa za Nairobi. Bila hivyo, chochote kilichofanyika kati ya saa sita na saa tisa usiku kinahesabiwa jana.

Na rekodi za zamani usizitarajie zijitengeneze. MySQL huhifadhi safu ya TIMESTAMP kwa UTC, kwa hivyo ukibadilisha mpangilio inakuonyesha saa mpya yenyewe. DATETIME haisongi. Iliyoandikwa Februari itabaki Februari mpaka mtu aketi airekebishe, tena akiwa amefanya bakapu. Na ile saa nane ya mkono atoe, ama zitahesabiwa mara mbili.

Kwa hivyo kama mzazi wako yuko kwa kikundi cha maziwa na wanataka kulipa fundi wa programu, mwambie hivi: fundi aingize rekodi moja alfajiri, mbele yao, halafu waangalie tarehe kabla ya kutoa hata shilingi.