Bunduki ibaki nje ya soko na nje ya kambi

Leo sileti habari ya mapigano. Naleta maoni yangu juu ya jambo ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena: bunduki inayotembea katikati ya watu wasiopigana.

Hapa kwetu, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitchanga, tumeona wenye silaha wa kila aina. Tuliishi na CNDP ya Laurent Nkunda mpaka mapatano ya tarehe 23 Machi 2009. Mwaka 2013 Kitchanga iliungua wakati FARDC na APCLS walipopigana katikati ya mji. Januari 2023 M23 walichukua Kitchanga, kisha wakaja askari wa Burundi wa jeshi la Afrika Mashariki, na kuanzia Oktoba mwaka ule Wazalendo na M23 wakapigana hapa hapa Kirolirwe. Sitaki kusema nani amekosa zaidi. Pande zote zina bunduki, na watu wa pande zote huenda sokoni kununua unga.

Tuitazame hiyo bunduki yenyewe. Ile tunayoiona zaidi ni Kalashnikov, ambayo mfano wake wa kwanza ni wa mwaka 1947 huko Urusi. Ilitengenezwa ili mtu aliyefundishwa muda mfupi aweze kuitumia hata kwenye matope na mvua. Magazini yake ya kawaida inabeba risasi 30, na risasi inatoka kwa mwendo wa mita zaidi ya 700 kwa sekunde moja. Mpiganaji anaweza kumlenga mtu aliye mita 300 hivi, lakini risasi ikimkosa haisimami pale. Inaendelea zaidi ya kilomita moja. Ukuta wa mbao hauizuii, na bashi la UNHCR ni kama karatasi kwake.

Upande wa kuume wa bunduki hiyo kuna chuma kirefu cha kufunga. Kikiwa juu, bunduki imefungwa. Ukikishusha, hatua ya kwanza ni risasi za mfululizo, na chini kabisa ni moja moja. Maana yake, mtu mwenye haraka, au mlevi, akikishusha kidogo tu, tayari amefungua mvua ya risasi. Baada ya hapo, kinachobaki kati ya bunduki na kifo cha mtu ni gasheti, kile chuma kidogo kinachokandwa na kidole.

Kuna vijana wanaoangalia video kwenye simu, wanaona huko Marekani watu wananunua gasheti mpya dukani na kuibadilisha, iwe nyepesi, irudi haraka, mtu apige vizuri zaidi. Wanauliza kama hapa kwetu fundi anaweza kufanya hivyo. Jibu langu kwao ni fupi. Yule wa kwenye video yuko kwenye uwanja wa kupigia shabaha, nyuma ya shabaha kuna kilima cha udongo, na hakuna mama anayepita na kikapu cha viazi. Gasheti nyepesi maana yake ni kwamba kukandwa kidogo tu kunatosha: ukijikwaa, ukisukumwa na mtu kwenye foleni, mtoto akicheza nayo ukiwa umelala. Bunduki zetu zimepita mikononi mwa watu wengi, nyingine vyuma vyake vimelegea kwa uzee, tena hakuna anayezikagua. Kuzifanya nyepesi zaidi ni kuongeza wafu ambao hakuna aliyetaka kuwaua.

Risasi ya bahati mbaya haichagui. Mwezi wa Februari 2025, kule Masisi-centre, mfanyakazi wa Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, alipigwa na risasi akiwa ndani ya makao ya shirika lake wakati watu walipokuwa wakipigana nje. Alifariki. Ikiwa risasi inamkuta mtu ndani ya nyumba yenye bendera ya shirika linalojulikana na pande zote, itamkosa vipi mtu aliyelala chini ya bashi?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: hata kabla vita haijaisha, bunduki ibaki nje ya soko, nje ya shule, nje ya kanisa, nje ya kituo cha afya, nje ya nganda na nje ya kila mahali wanapolala waliokimbia vita. Sisemi watu wanyang'anywe silaha leo. Kuna mpango wa serikali wa kuwarudisha wapiganaji kwenye maisha ya kawaida, P-DDRCS, ulioanzishwa mwaka 2021, na kuna mazungumzo ya Doha na ya Washington. Hayo yana wakubwa wake, na sisi tunayasubiri. Lakini kumwambia mtu aache bunduki kwa wenzake kwenye posti kabla ya kuingia sokoni hakuhitaji ndege ya kwenda Doha. Kunahitaji kamanda mmoja, chifu mmoja na kamati moja ya soko kukubaliana.

Najua mtakachonijibu. Wa kwanza atasema: adui akija nikiwa nimeacha bunduki, nitafanya nini? Ndugu, wewe uliyekuja kununua chumvi na sabuni hukuja kulinda soko. Wenzako wako kwenye posti na bunduki yako iko nao. Na adui akija akakukuta na silaha kati ya wauzaji wa maharagwe, mtarushiana risasi juu ya vichwa vya nani? Bunduki ndani ya soko hailindi soko, inaligeuza kuwa mahali pa kupigwa.

Tumeshaona hayo kwa silaha kubwa zaidi. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za Mugunga, pembeni ya Goma, yakaua watu waliokuwa wamekimbia kutoka kwetu huku, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mashirika ya haki za binadamu yalilalamika juu ya silaha nzito zilizowekwa karibu na kambi. Aliyerusha bomu ana hatia yake, na hakuna neno litakaloiondoa. Lakini na yule anayeweka silaha yake karibu na watoto anajua moto unaorudi utamwangukia nani.

Wa pili atasema: sisi raia tunaogopa, nani atamwambia mwenye bunduki abaki nje? Kweli, mtu mmoja hawezi, na simshauri mtu yeyote amkemee mwenye silaha akiwa peke yake. Ndiyo maana nasema kamati. Chifu wa kijiji, wachungaji na mapadri, wakubwa wa soko, mama wauzaji na shirika la raia waende pamoja kwa kamanda, mchana, kwa heshima, na ombi moja tu. Kamanda naye ana faida. Mtu wake akifyatua risasi ndani ya nganda kwa ugomvi wa kasiksi, ni jina la kamanda linalochafuka, na ni yeye atakayedaiwa na familia ya marehemu.

Wa tatu ndiye mgumu zaidi, kwa sababu ni mama yetu. Atasema: mwenye bunduki ni mtoto wangu. Ametoka porini usiku, ana njaa, analowa mvua, nitamfukuza? Mama, hapana. Mpikie, mpe nguo kavu, alale. Lakini bunduki yake isilale naye. Bashi lako limegusana na la jirani, na la jirani limegusana na la mwenye watoto watano. Bunduki ikilia usiku, kwa bahati mbaya au kwa sababu waliomfuata wamemkuta, wote hao wako kwenye njia ya risasi. Kijana anayempenda mama yake aje kumwona mikono mitupu.

Tena hili si wazo langu peke yangu. Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwezi wa Oktoba 2009 kwa ajili ya watu waliokimbia ndani ya nchi zao, unavikataza vikundi vyenye silaha kuingia mahali wanapohifadhiwa watu hao. Congo ilitia sahihi. Mtu akikuambia kwamba kumwomba aache bunduki nje ni kuwa upande wa adui, mwambie kwa upole kwamba ni sheria ya Afrika, nayo inahusu pande zote.

Tangu kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025, wengi wamerudi huku bila nyumba. Wanalala kwenye madarasa, kwenye makanisa, kwa jamaa. Siku hizi mtu akisema kambi, hasemi tena sehemu moja yenye kibao. Kila nyumba iliyopokea familia mbili au tatu ni kambi. Kwa hiyo sheria hii lazima ifike hadi kwenye mlango wa nyumba, isiishie kwenye bariyeri.

Naomba mambo matatu ya kuanzia wiki hii. Kwanza, kila kamati ya soko kwenye barabara yetu ikubaliane na kamanda wa pale juu ya mahali pa kuachia silaha, na siku ya soko ijulikane kuwa siku isiyo na bunduki. Pili, wenye nganda wasimuuzie pombe mtu aliyebeba silaha, na wafanye hivyo wote pamoja, ili asitafute aliye mwoga. Tatu, wazazi waongee na watoto wao: hakuna kugusa bunduki ya mgeni, hakuna kuokota risasi wala chuma kisichojulikana shambani, na anayekiona amwite mtu mzima.

Kule Goma, hospitali ya CBCA Ndosho imekuwa ikipasua majeruhi wa risasi kwa msaada wa CICR miaka na miaka. Madaktari wale wanafanya kazi kubwa. Lakini kutoka Kirolirwe mpaka Ndosho ni mbali, barabara mnaijua, na damu haingoji pikipiki.