Ramani ya Mjerumani siyo hati ya shamba!

Najua niliahidi kumalizia ile stori ya UE na bumu lililochelewa, lakini leo mtanisamehe. Nimerudi juzi kutoka nyumbani Ikungi na kuna jambo limenikaa kooni. Nisipolitoa hapa sitalala.

Kisa chenyewe ni hiki. Shangazi yangu, mjane, analima ekari tano za mtama na alizeti tangu mimi sijazaliwa. Marehemu mumewe aligawiwa mwaka 1975, wakati wa vijiji. Mwaka huu katokea ndugu mmoja wa ukoo, anaishi mjini, kaja na karatasi. Ramani ya Wajerumani! Kaitoa kwenye intaneti, kaiprinti kwa rangi, kaipiga na laminesheni kabisa. Katikati yake kuna jina linalofanana na la babu wa babu yake. Basi, kwa hilo tu eneo lote ni lao na shangazi ni mvamizi.

Kilichoniuma si yule ndugu. Ni jinsi wazee wa Baraza la Ardhi la Kijiji walivyoipokea. Ikapita mkono kwa mkono, kimyaaa. Mmoja akasema, "Hawa Wajerumani walikuwa hawabahatishi." Shangazi akanigeukia: "Mwanangu, wewe ndiye msomi. Hiyo karatasi inasema nini?"

Sasa jamani, tuseme ukweli inasema nini.

Ile ni ramani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ya kipimo cha 1:300,000, iliyochapwa Berlin na Dietrich Reimer. Aliianza Richard Kiepert, wakaiendeleza Paul Sprigade na Max Moisel. Ni kazi kubwa, siibezi. Lakini ilitengenezwaje? Sehemu kubwa ilikusanywa kutoka kwenye njia walizopita maofisa na wasafiri, mtu anatembea na dira na saa, anaandika alichokiona kulia na kushoto. Ndiyo maana kati ya njia na njia unakuta peupe. Na walipofika mahali wakauliza "hapa ni wapi?", mara nyingi walipewa jina la mkubwa wa pale, nao wakaliandika kama jina la kijiji. Kwa hiyo jina la babu kwenye ramani linaonyesha kwamba Mzungu alipita akatajiwa jina hilo. Halionyeshi mpaka wa shamba la mtu yeyote.

Halafu fanyeni hesabu ya darasa la saba. Kwenye 1:300,000, sentimita moja ni kilomita tatu. Ekari tano zikiwa mraba, kila upande ni kama mita 142. Kwenye karatasi hiyo ni nusu milimita! Unene wa mstari wa kalamu. Shamba la shangazi lote linafichwa na herufi moja ya jina la huyo babu. Unamtoa mjane shambani kwa herufi?

Tena kuna sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, kifungu cha 15 kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, hata kama haukufuata sheria ya wakati ule. Unaweza kuona ni uonevu kwa waliopoteza mahame yao wakati wa Operesheni Vijiji, na mimi sikatai, kuna watu waliumia kweli. Lakini ndiyo sheria. Ramani ya kabla ya vita ya kwanza ya dunia haiwezi kuifuta.

Msinielewe vibaya. Sisemi ramani za zamani ni takataka. Nasema kinyume kabisa: ni mali, na ndiyo maana naumia zikitumika kitapeli. Mtu akitaka kutafuta kwa haki, afanye hivi.

Kwanza, usiandike "Wilaya ya Ikungi" ukategemea kupata kitu. Wilaya imezaliwa mwaka 2012, ikimegwa kutoka Singida Vijijini. Tafuta Turu, au Kilimatinde ambako Wajerumani walikuwa na boma. Na kumbuka tahajia zao: Unyamwezi waliandika Unjamwesi, Ujiji wakaandika Udjidji. Ikikushinda acha majina, tumia nyuzi: Ikungi iko karibu nyuzi 5 kusini na nyuzi 34 na robo tatu mashariki. Nyuzi hazina lafudhi.

Pili, kwa mambo ya shamba na kisima, tafuta ramani za 1:50,000 zilizochorwa kutokana na picha za ndege, ambazo Waingereza walizifanya kupitia idara yao ya upimaji wa ng'ambo iliyoanza mwaka 1946. Hapo ekari tano zinakuwa karibu milimita tatu. Bado ni kidogo, lakini njia, mto na kilima unaviona. Picha nyingi za ndege za idara hiyo zimehifadhiwa Edinburgh.

Tatu, satelaiti. Picha za Landsat zipo tangu 1972, na tangu 2008 ni bure kwa yeyote mwenye bando. Za kuanzia 1984 zinaonyesha vipande vya mita 30 kwa 30, kwa hiyo shamba la shangazi ni kama vidoti 22. Nilikaa nazo usiku mbili hosteli hapa. Mahali pale panaonekana pamelimwa, mwaka baada ya mwaka.

Lakini na mimi nisiwe kama yule ndugu. Vidoti vinasema palilimwa, havisemi nani alilima. Hilo watalisema majirani waliopakana naye na wazee waliokuwepo siku ya kugawa. Ramani ni shahidi, tena shahidi asiyeona vizuri. Anahitaji kushikwa mkono na mtu anayejua ule mbuyu, lile jiwe, na lile hame la nani.

Sasa lawama. Ya kwanza ni kwa ofisi zetu. Tunagawa hakimiliki za kimila vijijini wakati mzee wa baraza hajawahi kuonyeshwa ramani ya kijiji chake mwenyewe, ndiyo maana akiona ya Mjerumani anatetemeka. Bandikeni karatasi ya 1:50,000 kwenye kila ofisi ya kijiji! Siku hizi, mgodi wa dhahabu wa Mang'onyi ukiwa umeanza uzalishaji mwaka 2023, ardhi ya Ikungi ina macho mengi. Karatasi za laminesheni zitaongezeka, wala siyo utabiri.

Lawama ya pili ni kwetu wasomi. Tunajifunza kusoma ramani, tunapata A, tunarudi likizo kutamba na simu. Yule ndugu naye ni msomi wa chuo, wadau. Anajua kabisa 1:300,000 maana yake nini. Alitegemea tu kwamba hakuna mwingine pale anayejua.

Baraza limeahirisha, na kazi yake ni kusuluhisha tu, kwa hiyo huenda tukafika mbali. Nimemwachia shangazi karatasi tatu, na juu ya kila moja nimeandika kwa Kiswahili ni ya mwaka gani na haiwezi kusema nini. Likizo ijayo, nawe mwenye kwenu kijijini, fanya hivyo hivyo.

Naomba kuwasilisha. UE tutaongea wiki ijayo.